Kutunga Shanga na Kutunga Shairi: Vyuo vya Mkono vya Muhamadi Kijuma na Msomaji wa Karatu

Katika Kiswahili kuna kitenzi kimoja kinachofanya kazi mbili, na wasemaji wake wamekizoea hata hawaulizi sababu. Mwanamke apitishaye uzi katika shanga, moja baada ya moja, anatunga. Na mshairi apangaye maneno kwa mizani na vina, naye anatunga. Kiarabu nacho kina habari kama hiyo, maana neno nadhama, ambalo ndilo asili ya nudhumu wanayoitaja washairi wa kale, hutumika kwa lulu zilizotiwa uzini kabla ya kutumika kwa maneno. Basi lugha yenyewe inashuhudia kwamba shairi ni kazi ya mkono na jicho, si ya ulimi na sikio peke yake. Walakini uhakiki wa ushairi wa Kiswahili umelisahau jambo hili kwa muda mrefu. Umeshughulika na maana ya tenzi, na lahaja zake, na hesabu ya mizani yake; lakini ukurasa ambao tenzi hizo ziliandikwa kwa mkono, kwa wino na nakshi, umehesabiwa kuwa ni chombo tu, kama chupa ambayo hutupwa dawa ikiisha kunywewa. Makala haya yana shabaha ya kuonyesha kwamba ukurasa huo ni sehemu ya shairi, na kwamba jambo hili lina faida kubwa hasa kwa msomaji aliye mbali na pwani.

Msomaji huyo na afikiriwe kuwa yuko Karatu. Mji huu umo katika nyanda za juu za kaskazini mwa Tanzania, katika njia itokayo Mto wa Mbu kwenda kwenye lango la Ngorongoro, nchi ya udongo mwekundu na mashamba ya ngano, mahindi na kahawa. Wengi wa wenyeji ni Wairaqw, ambao watu wengine wamezoea kuwaita Wambulu. Nao huishi jirani na Wadatoga, na upande wa Ziwa Eyasi wapo Wahadza. Kwa wengi wao Kiswahili si lugha ya kunyonya kwa mama bali ni lugha ya shule, ya soko na ya serikali. Utenzi wa Lamu humfikia mtoto wa Karatu katika kitabu kilichopigwa chapa kwa herufi za Kirumi, umevuliwa sauti yake na umevuliwa sura yake. Haishangazi, basi, akiuona kuwa ni mali ya watu wengine, ambayo yeye ameazimwa kwa ajili ya mtihani.

Lakini mtoto huyo hatoki katika nchi isiyo na ushairi wala nakshi. Wairaqw wana slufay, maombi ya kishairi ambayo mzee huyatamka mbele ya watu, akitaja amani, mvua, watoto na mifugo, nao waliohudhuria humwitikia. Na pasipo kuitikiwa, maneno ya mzee hayajatimia. Wairaqw walikuwa pia na sketi ya ngozi iliyotungwa shanga, kazi ya wasichana wenyewe. Sketi hizo zilihusiana na marmo, yaani unyago wa wasichana ambao ulikoma katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Msichana alitengwa na watu, akafundishwa mambo ya utu uzima, na mikono yake ikawa kazini. Mafunzo yaliingia masikioni huku shanga zikipangika katika ngozi. Alipotoka, watu waliyaona kwa macho yale aliyokuwa ameyasikia faraghani. Baadhi ya sketi hizo sasa zimo katika majumba ya makumbusho, na huko hutazamwa kama nguo nzuri tu, maana maneno yaliyofuatana nazo hayakwenda pamoja nazo.

Mambo haya yakiwekwa karibu na Utendi wa Mwana Kupona, ulinganifu wake ni wa ajabu. Mwana Kupona binti Msham alikuwa mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu katika kisiwa cha Pate. Mwaka 1858, akiwa mgonjwa, alimtungia utenzi binti yake Mwana Hashima ili kumfundisha mwenendo wa dini, wa nyumba na wa ndoa. Mwanzoni mwa utenzi mama humwita mtoto akae karibu, achukue wino na karatasi; ndipo humwahidi kwamba maneno atakayompa yatakuwa kama kidani cha lulu na marijani cha kuvaa shingoni. Hapa pana mwanamke anayefunza na msichana anayeandika, na funzo lenyewe limeitwa pambo. Mama wa Kiiraqw angeelewa mara moja, bila kamusi. Tofauti ni kwamba msichana mmoja alitunga shanga katika ngozi, na mwingine alipanga herufi katika karatasi.

Katika wanakili walioandika upya utenzi huo kwa mkono, mmoja anastahili kuangaliwa kwa makini zaidi, kwa sababu ndani yake fani zote mbili zilikutana. Huyu ni Muhamadi bin Abubakari bin Omari al-Bakari, ajulikanaye kwa jina la Kijuma, wa Lamu. Alizaliwa karibu na mwaka 1855, akafariki mwaka 1945. Alikuwa mshairi, na Utenzi wa Fumo Liyongo alioutunga mwaka 1913 ndio ulioieneza zaidi habari ya shujaa huyo katika maandishi. Alikuwa pia mpigaji wa ala na mjuzi wa ngoma za mji wake. Alikuwa fundi wa kuchonga milango. Na alikuwa mwandishi wa hati nzuri, ambaye aliwanakilia wataalamu wa Ulaya tenzi nyingi za kale. Alice Werner alimjua alipokuwa Lamu kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. William Hichens aliandikiana naye barua. Na Ernst Dammann alifanya kazi pamoja naye katika miaka ya 1930. Sehemu kubwa ya tenzi za Lamu zilizofika katika maktaba za London, Hamburg na Berlin zilipita katika kalamu ya mzee huyu.

Yafaa sasa kuutazama ukurasa wenyewe. Kila mwanafunzi anajua kwamba ubeti wa utenzi una vipande vinne, aghalabu vya mizani minane. Kwamba vipande vitatu vya kwanza vina kina kimoja. Na kwamba kipande cha nne kina kina cha bahari, ambacho hakibadiliki tangu mwanzo wa utenzi hata mwisho. Hayo anayajua kwa kuambiwa. Msomaji wa chuo cha mkono aliyajua kwa kuona. Katika nakala nyingi za hati ya Kiarabu ubeti mzima huandikwa katika mstari mmoja, toka kulia kwenda kushoto, na vipande vyake hutengwa kwa alama ndogo za pambo. Kwa hiyo ubeti mmoja ni mstari mmoja, na ukurasa ni safu ya beti. Jicho likishuka katika ukingo wa kushoto hukuta silabi ile ile ya bahari imesimama chini ya mwenziwe, mstari hata mstari, kama shanga za rangi moja zilizotungwa ukingoni mwa ngozi. Kina ambacho sikio hukingoja kwa saburi, jicho hulipata mara moja kama ukanda ulionyooka.

Tena hati ya Kiarabu ina sifa moja ambayo herufi za chapa ya Kirumi hazina: herufi zake huweza kuvutwa au kubanwa. Mwandishi hodari akiwa na kipande chenye herufi chache huvuta mkono wa herufi. Akiwa na kipande chenye herufi nyingi huzisogeza pamoja. Almuradi vipande vinne vipate nafasi zinazokaribiana. Hivyo mizani iliyo sawa kwa sikio huwa sawa kwa jicho pia. Hili si pambo lililoongezwa baada ya shairi kwisha. Ni kanuni ya utunzi yenyewe iliyohamishwa kutoka pumzi kwenda karatasi. Kijuma, aliyekuwa amezoea kugawa ubao wa mlango kwa kipimo kabla ya kuugusa kwa patasi, alikuwa na mkono uliofundishwa kwa kazi hii. Katika mlango wa Lamu mna fremu, mna kizingiti cha juu chenye nakshi, na mna mfaa katikati unaotenganisha mbao mbili. Katika chuo chake mna pambo la mwanzo linalofungua, mna safu za vipande zinazotenganishwa kwa alama, na mna maneno ya kufunga. Msomaji huingia katika utenzi kama aingiavyo nyumbani mwa watu: hodi hupigwa mlangoni, wala haruki dirisha.

Wapigaji chapa walipouchukua utenzi huo waliupanga kwa desturi nyingine. Matoleo mengi huandika ubeti kwa mistari minne mifupi, mmoja chini ya mwenziwe, toka kushoto kwenda kulia. Kina cha bahari hutokea mara moja katika kila mistari minne, kwenye ukingo wa kulia usionyooka. Ule ukanda umekatika. Hata hivyo si haki kuilaumu chapa bila kuishukuru. Hati ya Kiarabu katika sura yake ya kawaida ina alama tatu za irabu, hali Kiswahili kina irabu tano, tena haina herufi za sauti kadhaa za Kibantu. Kwa hiyo msomaji ambaye hajui utenzi kwa moyo hubabaika. Wenyeji wenyewe walilitambua tatizo hilo. Mwalimu Sikujua wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1890 na ambaye alimwandikia William Taylor mashairi ya Muyaka, aliirekebisha hati hiyo ili ichukue sauti za Kiswahili vizuri zaidi. Chapa ya Kirumi ndiyo iliyompa Mathias Mnyampala, Mgogo wa Dodoma aliyeishi tangu 1917 hata 1969, njia ya kuwa mmoja wa washairi wakubwa wa Kiswahili bila ya kuzaliwa pwani. Na ndiyo iliyoufikisha utenzi Karatu. Kosa la wahariri halikuwa kuupiga chapa utenzi. Kosa lilikuwa kunyamaza juu ya kilichoachwa.

Yupo atakayepinga kwamba mapambo ya Kijuma yalikuwa ya biashara: kwamba aliwapambia Wazungu vyuo kwa sababu Wazungu walilipa, na kwamba wenyeji waliosoma tenzi katika madaftari yasiyo na nakshi hawakupungukiwa na kitu. Hoja hii ina ukweli ndani yake, wala haifai kukwepwa. Kijuma aliuza kazi yake, kama fundi wa milango auzavyo mlango. Lakini desturi ya kupamba maandishi katika visiwa vya Lamu haikuanza kwa wanunuzi hao. Misahafu ya Siyu, iliyoandikwa kwa mkono na kutiwa nakshi kwa wino mweusi, mwekundu na wa manjano, ni ya karne ya 18 na ya 19, nayo iliandikwa kwa ajili ya ibada ya wenyeji. Kijuma alirithi jicho lililokwisha kufunzwa. Soko la wageni lilimpa karatasi na ujira, halikumpa fani.

Juu ya hayo, kipimo cha haki si nani aliyelipa bali ni kama pambo lilitumikia shairi au lilitumikisha shairi. Wahenga walisema, chanda chema huvikwa pete. Hawakusema kwamba pete hukifanya chanda kuwa chema. Chuo kilichojaa maua ambamo vipande vimevurugika ili maua yapate nafasi ni kazi mbovu, hata kikiwa na rangi ya dhahabu. Ubora wa Kijuma ni kwamba nakshi yake kwa kawaida hukaa mlangoni, yaani mwanzo na mwisho, na katika alama zinazotenga vipande. Katikati huyaachia maneno nafasi yao. Pambo linalotenga kipande na kipande lina kazi, kwa sababu humwambia msomaji pa kupumua. Penye kazi hapana upuuzi.

Mkutano huu wa shairi na sanaa ya macho haukuwa wa Lamu pekee. Huko Uingereza, William Blake alichora mashairi yake na picha zake pamoja katika bamba za shaba, akazichapa na kuzitia rangi kwa mkono. Songs of Innocence ilitoka mwaka 1789. Huko Paris, mwaka 1913, Blaise Cendrars na Sonia Delaunay walitoa shairi refu la safari ya gari la moshi la Siberia katika karatasi ya kukunja yenye urefu wa karibu mita mbili, rangi zikishuka sambamba na maneno toka juu hata chini. Mwaka huo huo Kijuma alitunga habari za Liyongo. Wale wa Paris walisifiwa kuwa wameleta jambo jipya, kitabu kinachotazamwa na kusomwa kwa wakati mmoja. Kwa mzee wa Lamu lilikuwa jambo la kale, wala hakudhani kwamba linahitaji jina. Lakini tofauti yao ni kubwa zaidi ya umri. Rangi za Delaunay husafiri kando ya shairi kama mwenzi wa njiani. Nakshi za Kijuma zimo ndani ya hesabu ya shairi, zikitengana pale mizani inapotimia. Wale walikutanisha fani mbili. Huyu hakuwahi kuziona zikiwa zimeachana.

Kuna funzo jingine, nalo ni la huzuni. Katika Al-Inkishafi, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir aliyaonyesha majumba ya Pate yakiwa magofu: vidaka vya ukutani, vilivyonakishiwa ili vipangwe vyombo vya kauri, vimekuwa viota vya ndege wa porini. Nakshi za nyumba zilipotea, na utenzi uliozisimulia ukabaki, kwa sababu watu waliunakili kwa mkono tena na tena. Chuo cha karatasi kilishinda ukuta wa mawe. Lakini vyuo navyo vilisafiri. Vingi vya Kijuma viko ng'ambo, na mtu wa Lamu atakaye kuvishika kwa mikono hana budi kupanda ndege, ijapokuwa picha za baadhi yake sasa huonekana katika intaneti. Afadhali kidogo ni kwamba J. W. T. Allen alikusanya miswada mingi ya pwani na kuiweka katika maktaba ya chuo kikuu cha Dar es Salaam, akatoa orodha yake mwaka 1970. Kwa hiyo mwalimu wa Karatu anaweza kuifikia kwa basi.

Jambo hili linaugusa mji wa Karatu kuliko inavyodhaniwa. Njia ya Ngorongoro huleta wageni kila siku, na kando ya njia hiyo vipo vibanda na maduka yanayowauzia shanga, vinyago na picha. Mtu akitengeneza hapo kitabu cha mkono chenye slufay na nakshi za shanga, mnunuzi wa kwanza atakuwa msafiri, kama ilivyokuwa kwa Kijuma. Kuuza si aibu. Hatari ni mbili. Ya kwanza ni kwamba maneno yatafupishwa ili pambo lipendeze, kwa kuwa mnunuzi haijui lugha na hawezi kudai haki ya lugha. Ya pili ni kwamba nakala itaondoka na nyumbani isibaki kitu, kama sketi za ngozi zilivyokwenda makumbusho bila maneno yake. Dawa ya hatari ya kwanza ni mkono wa fundi ajuaye kanuni ya shairi kabla ya kushika rangi. Dawa ya hatari ya pili ni desturi ya kuandika nakala mbili, moja ya kuuza na moja ya kuweka.

Wala haifai kitabu cha namna hiyo kiige maua ya Lamu. Sura ya ukurasa yapasa itoke katika kanuni ya shairi lenyewe, na hili ndilo Kijuma analofundisha. Utenzi una kina cha bahari, ndiyo maana ukurasa wake una ukanda ukingoni. Slufay ina mzee anenaye na watu waitikiao. Basi ukurasa wake ungeweza kuwa na safu mbili, upande mmoja sauti moja, upande wa pili sauti za wengi, na nakshi ya shanga ikasimama katikati kama mfaa wa mlango, mahali pale ambapo neno huvuka kutoka kwa mmoja kwenda kwa wote. Tafsiri ya Kiswahili ingepata nafasi chini yake. Wala si jambo geni machoni pa watu wa Karatu kuona maneno na nakshi katika kitu kimoja, maana kanga huvaliwa huko kama kwingineko, nayo ina pindo, ina mji, na ina jina lake lililoandikwa chini. Na mwanamke anunuaye kanga husoma jina kwanza, kisha huangalia rangi, au huangalia rangi kisha husoma jina, lakini hanunui moja akaacha la pili.

Katika Kiswahili cha zamani kitabu kiliitwa chuo, na chuo lilikuwa pia jina la mahali pa kusomea. Neno moja lilikuwa na kitu na mahali, kama vile kutunga kulivyo na shanga na shairi. Mtoto wa Karatu akipewa utenzi wa Mwana Kupona na karatasi tupu, akaambiwa auandike ubeti mmoja katika mstari mmoja, atenge vipande kwa alama aliyoibuni mwenyewe, na aangalie ukingo unavyojipanga, katika saa moja ataijua bahari ya utenzi kwa mkono wake. Huenda pia akamkumbuka bibi yake aliyepanga shanga kwa hesabu kama hiyo. Hapo utenzi hautakuwa tena kitu cha kuazimwa.